Shikamoo Langoni

Paa! Kabla sijaona mpira, kabla sijaona hata vumbi la uwanja wa Pongwe, niliusikia mlio wa gongo likipiga ngozi, nami bado niko nyuma ya ukuta wa misheni navaa fulana, na hata leo jirani akipasua kuni uso wangu hupata moto kwa aibu (msicheke, hamjasikia bado).

Miaka hiyo ya hamsini padri mmoja Mwairishi alitufundisha mchezo wa kwao, Waislamu na Wakristo pamoja: magongo bapa yaliyopinda ncha, na mpira mdogo wa ngozi unaoruka kama ndege shore. Ukiupitisha juu ya mwamba wa goli, alama moja. Chini yake, tatu. Siku hiyo ilikuwa fainali ya jimbo, sisi wa Tanga na wenzetu wa Pangani, na balaa ni kwamba mshambuliaji wao mkuu alikuwa Mzee Sefu, seremala mwenye mapaja kama magogo, baba yake Mwanaidi niliyekuwa nimempelekea posa. Jibu, alisema, angelileta mwenyewe nyumbani kwetu baada ya mechi.

Sasa nimpige mkwe gongo la ugoko? Nikamwomba nahodha wetu, Hatibu, aniweke langoni, niwe mbali naye, na nikajiona nina akili nyingi. Jamani, mshambuliaji huenda wapi kama si langoni!

Tulikuwa mbele kwa alama mbili, jua limeshaegemea mikonge, harufu ya majani yaliyokatwa imejaa uwanjani (ah, siku zile!), mara nikamwona Mzee Sefu amewapita mabeki wote, anakuja, mpira unachezacheza kwenye ncha ya gongo lake.

"Mtokee! Mtokee, we!" Hatibu akapiga kelele.

Lakini mwili wangu ulijua jambo moja tu, lile tulilofunzwa tangu tukitambaa. Nikashusha gongo, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, naye kwa mazoea, huku anapiga.

Goli. Uwanja ukalipuka, na tangu hapo kila mpira uliponikaribia watu waliimba "Shikamoooo!", hata padri akashika mbavu, na kombe likaenda Pangani.

"Kesho uamkie na milingoti ya goli," Hatibu akaniambia, na hakunipa mkono.

Jioni Mzee Sefu akaja kweli. Mama akamletea kahawa na haluwa; hakugusa.

"Kijana, wenzangu wananiuliza lile goli nimefunga au nimepewa. Niwajibu nini?"

"Ilikuwa heshima, baba."

"Heshima ingekuwa kunizuia, nifunge kwa jasho langu." Akanitazama, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Na siku mtu mwenye mvi akija kumdhulumu mwanangu mlangoni kwako, utamwamkia apite?"

Sijasimama langoni tena tangu siku hiyo, na nimeapa kwamba mtu akinijia na gongo, awe babu yangu mzaa baba, salamu atazipata mchezo ukishakwisha.

"Posa yako nimeirudisha," akasema. Akamshukuru mama kwa kahawa ambayo hakuinywa, akavaa viatu vyake kizingitini, akatoka, na mlango akaufunga taratibu, kwa adabu zote.