Kisanduku cha Kuamsha Mashine

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu kamili na mke mmoja, na tangu hapo sijakutana na kifaa cha umeme cha kunitisha. Darasani tulikuwa walinzi wawili, mpishi wa hoteli, muuza mafuta ya taa aliyenukia mpaka ubaoni, na mimi, fundi redio wa mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma. Fizikia tuliinywa kama uji. Mwalimu wetu alikuwa anaingia na betri, balbu na vipande vya waya ndani ya kofia yake, na kwa vitu hivyo alikuwa na uwezo wa kueleza dunia nzima, pamoja na kwa nini sukari imepanda bei.

Ilikuwa miaka ya ruksa, ikielekea ukingoni. Bidhaa zilikuwa zimemwagika Dodoma mpaka mtu ananunua kitu kwanza, halafu ndiyo anauliza kinafanya nini. Na huku maduka yakijaa, maofisi yalikuwa yanapunguza watu. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa mama jirani yangu, mpiga chapa wa wizara moja tangu usichana wake, mwanamke ambaye vidole vyake viliweza kumaliza barua mbili huku macho yanakutazama wewe na mdomo unakuuliza habari za nyumbani. Kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye kompyuta ya mtumba na printa. Akafungua chumba cha mbele cha nyumba yake, akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu: TUNACHAPA.

Shida ilikuwa mgongo wake. Soketi zilikuwa chini kabisa, nyuma ya kabati, na umeme wetu ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga na kurudi na hasira. Kila ulipokatika ilibidi ainame achomoe skrini na printa, ili umeme ukirudi kwa kishindo usizikute. Ukitulia, ainame tena achomeke. Nimemwona kwa macho yangu akiinama asubuhi na kunyooka adhuhuri. Ndipo akaniita.

"Mwanangu, huwezi kunitengenezea kitu, mimi niwashe kompyuta tu, hivi vingine viamke vyenyewe?"

"Mama, hilo swali la kidato cha tatu," nikamjibu, ingawa kusema kweli lilikuwa la kidato cha nne na nusu.

Nikamtengenezea kisanduku cha plastiki, ukubwa wa mkate. Ndani niliweka transfoma ndogo ya redio iliyokufa, regyuleta, yaani kile kidude cha miguu mitatu kinachoupunguza umeme na kuuweka sawa, na relei, ambayo ni swichi inayovutwa na sumaku badala ya kidole cha mtu. Waya mwembamba ulitoka nyuma ya kompyuta. Kompyuta ikiwaka, waya unapeleka umeme kidogo, wa kutosha kukonyeza tu; relei inasikia, inajifunga, tak! Skrini na printa zinaamka. Ukizima kompyuta, tak! zinalala. Umeme ukikatika, vyote vinakaa vimelala mpaka mama mwenyewe aamue. Nikakiweka juu ya skrini, ili ile taa yake nyekundu aione akiwa amekaa.

Watu walitoka mpaka Mlali kuja kusikia ile tak. Basi, labda alitoka mmoja, na alikuwa na safari zake, lakini alisikia. Mama alianza kukitambulisha kwa wateja kama mtu anavyomtambulisha mkwe.

Kwenye baraza ya nyumba hiyo alikaa fundi cherehani, Mnyamwezi, na mimi ni Mgogo, kwa hiyo utani ulikuwa haki yake ya kuzaliwa. Kila nikitokea kwenye kona alipaza sauti ndani ya nyumba: "Mama! Mbukwenyi hiyo inakuja, na mkoba wa uganga!" Alikuwa ameiokota hiyo salamu yetu kama mtu anavyookota kiatu cha mtu mwingine, akaivaa mpaka ikachakaa.

Halafu mambo yakageuka. Akaja karani mmoja aliyekuwa anatafuta wa kuchapa makabrasha ya kikao, mtu mwembamba wa suti ya kaki, mwenye mkoba uliojaa mpaka haufungi. Alileta ukurasa mmoja wa majaribio. Printa ikaanza kulia vizuri, ikafika kwenye neno "Mheshimiwa," na hapo hapo skrini ikawa nyeusi, printa ikanyamaza. Karatasi ilitoka imeandikwa "Mhesh". Baada ya muda, tak, vyote vikarudi vyenyewe kana kwamba vilikwenda kunywa maji.

"Mama," karani akasema kwa upole uliouma, "Ijumaa naleta kabrasha zima. Likitoka, kazi za kikao chote nakuletea wewe. Kama mashine inachoka na mheshimiwa mmoja, nitakwenda mjini."

Mama hakunigombeza. Alinimiminia chai, akaisogeza, akasema: "Mimi hapa sina kiinua mgongo kingine cha kuanzia upya. Kisanduku chako kikizima tena mbele ya yule, nakitoa, narudi kuinama mpaka mgongo ukatike. Na wewe utakichukua ukawekee ugoro."

Ugoro! Mimi, mtu wa kidato cha nne!

Nikaanza na relei. Nikaifungua, nikasugua vile vichwa vyake vinavyogusana kwa msasa laini na spiriti, maana vumbi letu la kiangazi linaingia hata kwenye yai. Nikawasha. Kikakaa kimewaka muda wote niliokuwa pale, nikanywa chai, nikasimulia habari, nikaaga. Sijafika kwenye kona nikasikia cherehani imesimama. "Mtani! Kimezima!"

Nikarudi. Kinawaka.

Nikalaumu lehemu. Nikayeyusha upya kila kiungo, vikang'aa kama meno ya bibi harusi. Nikakaa, kikawaka. Nikaondoka, kikazima. Nikabadilisha ule waya mwembamba. Nikapima umeme wa ukutani asubuhi na jioni kwa mita yangu, ukawa unayumba kama kawaida yake lakini si wa kuzimisha relei. Nikiwepo, kisanduku kina adabu kuliko shemasi. Nikitoka, kinafanya kinavyotaka.

"Kinamwogopa baba yake," fundi cherehani akasema huku anauma uzi. "Kamwachie mama koti lako, alitundike hapo, kitadhani upo."

"Wewe shona suruali zako za miguu mitatu."

"Miguu mitatu ni vile vidude vyako. Suruali zangu hazizimi."

Mama mwenyewe hakucheka, na Ijumaa ilikuwa inakuja.

Usiniulize kama niliogopa. Niliwaza tu, kwa sauti, mpaka mke wangu akahamia na mchele wake uani. Nikamkumbuka mwalimu wetu na kofia yake. Balbu ilipokataa darasani alikuwa hatuulizi imeharibika nini. Alituuliza mara ya mwisho ilipowaka mezani kulikuwa na nini, na sasa kuna nini. Sasa mimi kwa mama nilikuwa nimechunguza kila kitu ndani ya kisanduku, lakini kile chumba jinsi kinavyokuwa bila mimi nilikuwa sijakiona hata mara moja. Ningekionaje, wakati yule Mnyamwezi ananitangaza tangu kwenye kona?

Ijumaa nikaacha mkoba nyumbani. Nikapita uani kwa mama, kwenye kuku na kamba za nguo, nikaingia kwa mlango wa nyuma kama mwenye nyumba.

Karani alikuwa ameshakaa, mkoba magotini. Skrini nyeusi. Printa kimya, karatasi imening'inia nusu. Mama amekaa wima mikono mapajani, anatazama mbele. Na juu ya skrini, mahali pa kisanduku changu, palikuwa na kitu cheupe, kimepigwa wanga, kina mashada ya maua pembeni na vishada vinavyoning'inia mpaka kwenye kioo. Kitambaa cha kufuma, kimeshonwa kwa kipimo kama kofia, kikafunika kisanduku mpaka chini pamoja na mgongo wa skrini.

"Shikamoo, mama. Kisanduku changu kiko wapi?"

Akashtuka. "Marahaba. Si hicho hapo!"

"Hii nguo kimevaa lini?"

"Tangu watu walipoanza kukisifu. Nimekifumia mwenyewe. Kitu kimekaa juu kichwani, wageni wanakitazama, halafu kiko uchi? Na vumbi lote hili?"

"Mbona sijawahi kuiona?"

"Utaionaje? Nikisikia unakuja nakivua, nakikunja, naweka kabatini. Mikono yako na masizi yale, nikuachie kitambaa cheupe?"

Nikakiinua kile kitambaa, nikachomoa waya ukutani, nikafungua kisanduku na kugusa regyuleta. Joto lake nililisikia mpaka kwenye kisigino. Nikacheka mpaka karani akasogeza kiti.

Nikawaeleza pale pale, kama mwalimu. Kidude hiki kikipunguza umeme kinapata joto. Joto likizidi, kinajizima chenyewe kisiungue. Kikipoa kinarudi kazini. Kikiwa wazi kinavumilia. Lakini kiko juu ya skrini yenye joto lake, na kimevikwa sweta. Na kila nikija kukitibu, mgonjwa anavuliwa sweta kwanza.

Mama akakichukua kile kitambaa, akakikumbatia kifuani.

"Itachukua muda gani?" karani akauliza, ameshatazama mlango.

"Kabla hujamaliza chai, bwana. Mama, mpe chai. Na mimi nipe mfuniko wa sufuria usioupenda."

Nikatoka barazani nikachukua mkasi wa yule Mnyamwezi mbele ya macho yake.

"Mtani, huo wa suti!"

"Leo unakata sufuria."

Alipiga kelele zilizosikika Busi, lakini mwisho yeye ndiye aliyeushika mfuniko nikikata, kwa kuogopea mkasi. Nikapata kipande cha bati la alumini cha ukubwa wa kiganja, nikakikaza kwa skrubu mgongoni mwa regyuleta ili joto lipate pa kukimbilia. Nikatoboa kisanduku matundu kwa msumari wa moto, nikakitundika ukutani kando ya dirisha, mbali na skrini. Mama akawasha kompyuta kwa kidole kimoja.

Tak!

Printa ikaanza kulia. Ikaivuka "Mheshimiwa" ya kwanza, ya pili, ikapita waheshimiwa wa nchi nzima. Karani alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Fundi cherehani aliacha kazi akaja kusimama mlangoni, kwa ajili ya mkasi wake, alisema. Mimi nilikaa nimekunja mikono, nikitazama ile taa nyekundu kama mzazi kwenye mahafali. Haikupepesa. Jua lilipofika ukuta wa mwisho, karani akasukuma kabrasha zima ndani ya mkoba wake, likakataa kuingia, akalibeba kwapani.

"Jumatatu naleta mengine," akamwambia mama. "Kuwa tayari."

Alipotoka, mama alibaki na kitambaa chake mkononi. Kilikuwa kizuri, sikudanganyi. Vidole vilevile vya kupiga chapa ndivyo vilivyokifuma. Akanitazama kichwani, akanivika.

Kikanitosha.

"Shikamoo, Alhaji!" fundi cherehani akasema.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, mimi muumini wa Anglikana, nikatoka kwa mlango wa mbele, vishada vikinipiga masikioni, nikavuka barabara nzima ya Kikuyu bila kukivua.

Jumatatu nilipopita, nilimkuta mama nje, amesimama kwenye stuli na kopo la rangi ya bluu, mgongo umenyooka kama mlingoti. Chini ya TUNACHAPA alikuwa anamalizia herufi ya mwisho: NA MAKABRASHA.