Herufi Zilizoinama

Juzi huko Njiru niliona bango la buchari lenye herufi nene zilizoinamia mbele, za kompyuta, na papo hapo nikasikia harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi.

Baba alichora herufi kama hizo kwa mkono kwenye buchari zote za mtaa wetu wa Kiamaiko, Nairobi. "Zikiinama, hata anayepita mbio ataziona," alikuwa akisema. Mimi, nikiwa mtoto, niliamini zimeinama kwa sababu zinakwenda mahali.

Alasiri moja, kabla ya mazishi, alikaa uani na msalaba wa mbao magotini, mbuzi wakilia sokoni. Aliandika jina la Mama kwa rangi nyeusi, nene, limeinamia mbele. Shangazi alisimama mlangoni akimtazama.

"Baba Nafula, huu ni msalaba. Si ungezinyoosha?"

"Sijui zingine," alisema.

Mimi nilifurahi. Jina la Mama lilikuwa safarini.

Msalaba uliposimikwa kwetu Bungoma, nilitazama herufi zimeelekea wapi. Zilielekea barabarani, njia ya kurudi Nairobi. Nikamnong'oneza Baba kwamba tukifika nyumbani tusifunge mlango.

"Hatutafunga," alisema, akijikwangua rangi nyeusi kwenye kucha.