Siku Nilipeleka Kitunga kwa Masera

Siku ya kikao tulikuwa watu watano nyumbani, na wa sita alikuwa tumboni. Mimi mwenyewe. Mwana wangu, wa tatu kwa saba niliozaa, ambaye kazi yake ilimuhamisha kutoka Miti na kumuleta hapa Bukavu katika biro moja ya mambo ya maji. Bibi yake, binti wa watu wa Mudaka, mwalimu wa watoto wadogo, mimba yake ilikuwa mwezi wa mwisho. Tonton wa bibi huyo, ndugu ya mama yake, mwalimu muzee aliyepumzika, tulimuita juu anajua masomo, ni kusema mashule, yote ya muji huu na mapungufu yake. Na mujukuu wangu, binti wao wa kwanza, ndiye tulikuwa tunamukalia kikao. Majina ya wote niko nayo, na ya jirani aliyeingia kuomba chumvi na akasimama kusikiliza. Lakini mujukuu aliniomba nisiandike jina ya mutu, na mimi nimekubali.

Tulikuwa tumefika mutaa huu wa Nyawera siku kumi tu. Mifuko ingine ilikuwa haijafunguliwa, tulikuwa tunaikalia kama viti. Chini kulikuwa soko, na sauti za wabebaji zilipanda mpaka kwetu tangu asubuhi. Mutoto alikuwa amemaliza mwaka wa nane kule Miti, wa kwanza katika darasa. Sasa ilibidi achague seksio, tawi la kusoma, na masomo ya kumupokea, mbele mwezi wa tisa ufike.

Mwana wangu alitaka seksio ya commerciale, ile ya hesabu za biashara, masomo iko karibu na sisi, mutoto anaenda kwa mguu na kurudi kwa mguu. Mama yake alitaka afanye pédagogie, awe mwalimu kama yeye. Tonton alicheka wote wawili. Alisema kwa kila mulango wa Bukavu kuko comptable mumoja wa hesabu hizo, na wote wanauza makala ya kupikia. Na ilipofika kwa walimu akamuangalia mukwe wangu tu, na mukwe mwenyewe akacheka.

Mimi niliwaachia. Nilisoma miaka mitatu, nikajua kuandika na kuhesabu, basi. Vitu vya seksio ni vya wale waliosoma.

Ni tonton aliyemugeukia mutoto. “Na wewe, maman mudogo, unataka kuwa nani?”

Akajibu chini chini anataka biochimie, kwa masera, wale watawa wanawake, kule juu. Anataka kuwa munganga. Sisi wote tulijua. Kule Miti alikuwa anasimama kwenye dirisha la santé, nyumba ya wagonjwa, siku ya kupima watoto, anaandika kilo zao katika daftari yake mwenyewe. Mama mumoja alikuja siku moja nyumbani kumuuliza mutoto wake alikuwa na kilo ngapi mwezi uliopita, juu karatasi yake ilipotea. Akafungua daftari, akamuambia.

Basi baba yake akasema, “Aende afanye mutihani. Akipita, ni Mungu. Akishindwa, ni commerciale.” Na hivyo ndivyo kikao kilimalizika.

Alipita. Walikuwa watoto wengi sana, waliochukuliwa ni kidogo, na yeye alikuwa kati yao. Karatasi iliyobandikwa kwenye mulango wa masera ilisema hivi, mutoto alinisomea mara nyingi: mukubwa wa mutoto aje mwenyewe, mbele ya siku ya tano, ndiyo Ijumaa, saa sita ya muchana, na biletini ya points zake na karte ya ubatizo, jina iandikwe. Asiyekuja, nafasi inapewa anayefuata.

Siku ya pili ya juma lile mukwe wangu akashikwa na uchungu, na uchungu haukuenda vizuri. Wakamupeleka hospitali, wakasema watamupasua. Mwana wangu hakuweza kumuacha. Tonton alikuwa amekwenda Mudaka kwa kilio cha mazishi. Mukubwa aliyebaki nyumbani ni mimi.

Mwana wangu akanipigia simu kutoka hospitali. Sauti yake ilikuwa ya mutu anayeongea na kuangalia mulango. Akaniambia niende kwa masera na mutoto, mbele ya siku ya tano. Akaongeza, na hapo ndipo mimi nilipotea, kwamba masera prefe, mukubwa wa masomo, ni mutu wetu, wazazi wake wanatoka juu ya Miti. Akanitajia baba yake. Mimi nikamutajia babu yake, na bibi wa babu yake, na shamba walilokuwa wanalima. Moyo wangu ulitulia. Nikawaza, kumbe ninaenda kwa watu.

Kwa wale wasiojua kilima chetu, niseme hivi. Kwetu mutu akienda kuomba kitu kikubwa, shamba, ao ngombe ya kuchunga, ao binti wa watu, siku ya kwanza haombe. Anapeleka kitunga, kikapu cha mavuno. Anasalimia, anauliza wagonjwa na wafu, anaongea juu ya mvua, anarudi kwake. Mwenye nyumba anajua vizuri sana ni kwa nini umekuja. Anapewa siku mbili za kuwaza, asije akakujibu vibaya kwa kushitukizwa. Siku ya tatu unarudi, na mara nyingi ni yeye anasema wa kwanza: ile kitu ulitaka, chukua. Mutu anayeomba siku ya kwanza ni kama anasema, nimekuletea maharagi yangu, sasa nilipe. Na yule anayeombewa, kama ni binti, haingie ndani. Anabaki inje.

Hivyo ndivyo nilipata shamba nililolelea watoto wangu saba. Sikuwahi kuona ikishindwa.

Siku ya tatu ya juma nikajaza kitunga maharagi mapya, yale tulileta kutoka Miti. Nikakifunga mugongoni na kamba kwenye paji. Mutoto aliniomba tuchukue moto, ile pikipiki ya kubeba watu. Mutu wa moto wa pale Nyawera naye akaniambia, kama vile yeye ni mujukuu wangu, “Koko, panda, hata kitunga nitakiita koko.” Nikamuambia kitunga hakijawahi kuanguka na mimi, lakini yeye simujui. Wenzake wakamucheka. Tukapanda kwa miguu, polepole, vumbi la mwezi wa nane likitufuata. Mutoto alishika bahasha yake mbele ya kifua na mikono miwili.

Inje ya biro ya masera prefe kulikuwa wazazi kama kumi na tano kwenye mabenchi. Tulingoja mpaka tukafikiwa. Mutoto akasimama pamoja na mimi aingie. Nikamuambia akae.

“Koko, bahasha iko na mimi.”

“Kaa. Utaitwa siku yako.”

Akakaa. Nilimuona alivyoniangalia, nikawaza ni haraka ya watoto.

Masera alinipokea vizuri. Sitamusema vibaya mbele ya mutu. Alisimama, akanisaidia kushusha kitunga, akanisalimia kwa Mashi, luga ya kwetu, na nilipomuambia mimi ni muke wa nani wa kule Miti, akashika mikono yangu. Tukaketi. Nikamutajia kilima chake chote. Nikaanza kwa babu yake, nikapita kwa shangazi zake, yule aliyeolewa Mudaka, yule aliyekufa kwa kuzaa, jirani wa chini na watoto wake kumi, kila mumoja na jina lake la nyumbani na la ubatizo. Masera alicheka, akapangusa macho. Akasema kuko wengine yeye mwenyewe alikuwa amewasahau. Mimi nilikuwa kama mutu anayecheza ngoma mbele ya watu. Nilitaja wazima na wafu. Tukaongea mvua, kama itachelewa.

Kisha akaangalia mulango, juu watu walikuwa wanangoja, akaniuliza, “Maman, kuko neno ingine?”

Nikasema, “Hapana, mwanangu. Nilikuja kukusalimia tu.”

Akanishindikiza mpaka kwenye mulango. Hapo akaniuliza tena, polepole, kama mutu anayesaidia muzee kushuka ngazi. “Kweli hakuna kitu?”

Nikafurahi. Niliwaza, anajua. Nikamujibu, “Kitu iko, lakini iko na siku yake.”

Akatikisa kichwa, akaita anayefuata.

Mutoto akanifuata mpaka kwenye barabara. Akaniuliza kama nimetaja jina yake. Nikamuambia bado. Akasimama. Akaniambia orodha inafungwa siku ya tano. Nikamuambia najua, nilisikia, lakini ile siku ni ya watu wasiojulikana, sisi tumeshafika na kitunga, mutu hawezi kufungiwa mulango ambao kitunga chake kiko ndani.

“Koko, turudi sasa hivi. Nitangoja inje. Wewe useme tu jina.”

“Unataka nionekane nimekuja kuuza?”

Akaanza kushuka. Ningependa kusema nilimukaripia, lakini hata hakunilazimisha. Ni mutoto aliyelelewa na mimi, hajibizane na mukubwa. Jioni baba yake akapiga simu. Mukwe wangu alikuwa amepasuliwa, mutoto mwanaume yuko muzima, mama bado hajaamka vizuri. Mwisho akauliza, “Na kule kwa masera, ilienda?” Nikasema ilienda vizuri sana, alinishika mikono. Mujukuu wangu mukubwa alikuwa amekaa pale karibu. Alisikia. Hakuomba simu. Aliniambia nyuma ya siku nyingi, alikuwa anaogopa kumuongezea baba yake neno siku ile.

Siku ya ine nikapika, nikapeleka chakula hospitali. Siku ya tano pia. Saa sita ilinikuta huko, nimemushika mutoto muchanga, namuangalia kucha zake, na sikuwaza hata kidogo juu ya orodha.

Siku ya posho, kesho ya Ijumaa, ilikuwa siku ya tatu kwa hesabu ya kwetu. Nikavaa kitenge kizuri. Tukapanda. Safari hii nilimuambia mutoto ataingia na mimi. Orodha mupya ilikuwa kwenye mulango, na yeye akafika mbele yangu. Niliona kidole chake kikishuka kwenye karatasi, kikafika chini, kikarudi juu, kikashuka tena. Mimi sioni tena herufi ndogo. Nikamuuliza, jina yako iko wapi. Akanipatia bahasha, kama vile imekuwa nzito.

Masera alitupokea wote wawili. Alipomuona mutoto, alipoisikia jina yake, akafunga macho. Alikumbuka points zake. Akasema, “Ni wewe?” Kisha akanigeukia.

Nilimuambia, hivi na hivi, kitunga kilitangulia, leo ni siku ya tatu, nimekuja kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanijibu kwa Mashi, na sijui kama ningeumia vile angenijibu kwa Kifaransa. Akasema alijua nimekuja kuomba. Alikuwa anangoja niseme. Lakini watoto walikuwa wengi, hakujua wangu ni yupi, na mimi sikutaja jina. Sasa nafasi imepewa binti mwingine, baba yake amekuja jana saa tano na nusu, na binti yule pia ni mutoto wa mutu.

“Nitamutoa namna gani, maman?”

Nilitaka kuanguka pale chini, lakini kwa kufanya nini? Mutoto akasema, “Merci, masera.” Akanishika mukono. Masera akasema maharagi walikula na watoto wa internat, wale wanaolala pale, yalikuwa matamu. Nadhani alitaka kunitendea mema, na hakupata neno lingine.

Mwana wangu alikwenda kwa masera siku ya kwanza ya juma lililofuata. Alirudi muchana. Tonton alikwenda na kofia yake na kalamu tatu kwenye mufuko wa shati, akarudi bila kuchekesha mutu. Waliuliza masomo ingine mbili zenye biochimie. Moja ilikuwa imejaa. Ingine iko mbali, upande mwingine wa muji, na baba yake hakutaka mutoto wa kike apite njia zile kila siku, muji wenyewe hatujaujua. Sikuthubutu kusema anakosea. Neno langu lilikuwa limekwisha.

Hakuna aliyenipigia kelele. Nilingoja mwana wangu anikasirikie, ningejua namna ya kukaa. Yeye aliniambia tu, “Maman, ni mimi nilikutuma.” Nikaona bora angenipiga.

Sasa mujukuu wangu anasoma commerciale, pale chini. Iko mwaka wa pili. Asubuhi anavaa shati nyeupe na jupe ya bleu kama watoto wote wa muji, na ukimuona kwenye njia huwezi kujua anasoma nini. Anapata points nzuri. Nikimuuliza kama anapenda, anasema, “Si kitu, koko.” Ndugu yake mudogo tunamupeleka kupima kilo kila mwezi, na dada yake ndiye anamubeba. Daftari sijaiona tena. Sikuuliza iko wapi.

Nimeandika hii juu yeye aliniomba, alisema ninakumbuka kila kitu na siku moja sitakuwako. Ni kweli ninakumbuka. Lakini kuko mahali pamoja ninapozunguka na sipati mwisho. Ninasema hapa masera aliniuliza mara mbili, kwenye kiti na kwenye mulango. Siku zingine ninawaza ni mara moja, na ile ya mulango nimejiwekea mwenyewe kwa kukaa sana na ile mambo. Biro ilikuwa wazi, na kwenye benchi kulikuwa wazazi kumi na tano. Kama mumoja wenu wa benchi ile anasoma hii, ao kama masera mwenyewe anasoma, na aliniuliza mara moja tu, munisahihishe. Mutume neno Nyawera, wamuambie mujukuu wangu. Na kama ilikuwa mara tatu, pia museme.