Kalamu Nyekundu Kwenye Biblia ya Mke Wangu

Admin, ficha jina langu na la duka langu, maana hapa Chaka tunajuana hadi kwa kikohozi. Majina mengine nimebadilisha.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tisa, nimeoa, nauza dawa na vyakula vya mifugo. Baadhi yenu mnanisoma bila kujua ni mimi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika mtandaoni kwa jina la kubuni, nikiwararua wahubiri wanaouza maji na mafuta ya upako. Hilo silijutii. Walaghai ni walaghai, na nitasema hivyo hadi nizikwe. Ninachoungama hapa ni kingine.

Mwaka mpya tulikula kwa wakwe zangu, Kiganjo. Kama kawaida nilianza kubishana na kaka ya mke wangu, ambaye ni mzee wa kanisa. Alinisikiliza akiguguna mfupa wa mbuzi, kisha akasema mbele ya wote, "Shemeji, wewe umesoma vitabu zote isipokuwa hiyo unatukana. Soma kwanza, halafu ukuje tuongee." Watu walicheka. Hata mama mkwe, ambaye hacheki ovyo.

Nilirudi nyumbani nimeapa kuisoma yote, kila siku, nimnyamazishe. Asubuhi iliyofuata nilichukua Biblia ya mke wangu, nikaketi jikoni na kalamu nyekundu. Kila nilipokuta ukatili, au jambo linalopingana na lingine, nilipiga mstari. Nilikuwa nakusanya risasi. Mke wangu alinikuta hivyo akitoka kukamua. Alisimama mlangoni na ndoo yake, kisha akaweka chai motoni. Kuanzia siku hiyo alinizidishia maziwa kwenye chai, kama mtu aliyefurahi.

Nilipofika kwenye habari ya mfalme aliyelala chini bila kula, akiomba mtoto wake mchanga apone, na mtoto akafa kwa kosa la baba yake, nilikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Nilipofungua duka niliandika kejeli kuhusu Mungu anayeua watoto wachanga ili kuwatia adabu baba zao. Ilisambaa. Nilishinda nikisoma pongezi, wateja wakingoja dawa ya kupe.

Sasa lazima niwaeleze jambo. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa msichana. Alifia hospitalini, Nyeri, kabla hatujamleta nyumbani. Tulikuwa tumempa jina la mama yangu, Wangari, kama ilivyo desturi yetu. Alipozaliwa msichana mwingine tukampa yeye jina lile lile, na yule wa kwanza akabaki hana hata jina la kuitwa. Mke wangu alipojaribu kumtaja, mimi niliwasha redio.

Wiki iliyopita nilifika nyumbani nikamkuta jikoni, Biblia iko wazi mapajani. Alikuwa akifuata mistari yangu. Kidole chake kilikuwa pale palipotoboka.

"Baba Wangari," akaniambia, "mimi nilidhani ulimsahau."

Niliketi kando yake.

"Kumbe umekuwa ukimlilia hapa peke yako. Mbona hukuniita tulie pamoja?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu maishani, niliitikia kwa kichwa. Huo ndio uongo wangu.

Tangu siku hiyo anaimba akikamua. Jumapili hii amealika akina mama wa kanisa na kaka yake waje nyumbani kwa shukrani. Ameniomba nisome habari ile mbele yao, kisha nimtaje mtoto wetu wa kwanza kwa jina. Shemeji naye amenipigia simu kuniomba msamaha kwa kunifanya nichekwe. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha, jamani.

Andiko langu la kejeli nimelifuta, lakini watu walikuwa wamelinakili, na siku moja litafika kwenye simu ya mke wangu, naye atajua ni langu. Nikimwambia ukweli, nitamfanya amzike mtoto huyo mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyechimba kaburi. Nikinyamaza, nitasimama sebuleni kwangu kama wale wahubiri ninaowararua, nikimpa mtu mwenye uchungu faraja niliyoitengeneza.

Kalamu nimeiacha dukani. Lakini bado naamka kusoma. Leo asubuhi nilirudia ile habari, na nilipofika pale mfalme anapoambiwa mtoto amekufa, sikuweza kuendelea. Sijui kama nilimlilia mtoto au niliililia aibu yangu, na sitaki mtu aje hapa kuniambia ni Mungu. Mke wangu alinikuta, akaniwekea mkono begani. Yeye anadhani ndivyo nimekuwa nikilia tangu mwaka mpya. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jumapili atanikabidhi hiyo Biblia mbele ya watu. Nyinyi mliozika mtoto na bado mnalala kitanda kimoja, naomba mnijibu nyinyi kwanza: nimwambie kabla sijaifungua, au nisome tu?