Ua la Mama, Ng'ombe wa Baba

Enzi za Mwingereza, kanisa letu kule Usangi lilikuwa na Jumapili mbili ambazo mpaka leo nikizikumbuka nasaga meno.

Jumapili ya akina mama ililetwa na mke wa mchungaji wa Kizungu. Kila mama alipewa ua moja, akahubiriwa utii na uvumilivu, kisha akarudi kukata majani ya ng'ombe, ua limechomekwa kwenye kilemba. Wazee wa kanisa walipoona wake zao wamepewa maua, nao wakajianzishia Jumapili yao. Wao walichinja ng'ombe. Waliopika ni mama zetu.

Mwaka wa pili wa Jumapili hiyo ya akina baba nilikuwa msichana wa kubeba debe la maji. Asubuhi ile mimi na mama tulipanda na kushuka mferejini mpaka shingo zikakaza. Ibada ilipokwisha, wanaume wakakaa kwenye mabenchi nje ya kanisa, wakisubiri ndizi kwa nyama. Mama akatoka jikoni, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kuketi kando ya baba.

"Unafanya nini?" baba akauliza kwa sauti ya chini.

"Nakaa."

"Hii ni siku yetu."

"Na siku yetu sisi nilikata majani ya ng'ombe wako. Wewe ulinipakulia nini?"

Mzee mmoja wa kanisa akaingilia. "Mama, usimwaibishe mumeo mbele za watu. Inuka."

Mama hakumtazama. "Shikamoo, mzee. Sufuria liko jikoni. Mwiko umo ndani."

Baba akanigeukia. "Wewe, nenda ukapakue!"

Nilikaa chini, miguuni pa mama. Hapo baba akamshika mkono akamvuta, mama akaanguka kwa magoti. Wanawake waliokuwa mlangoni pa jiko wakaweka sahani chini, wakaondoka mmoja mmoja. Wanaume wakajipakulia wenyewe. Baba naye alikula. Kumvuta mama ningeweza kumsamehe; kula kwake, sijamsamehe.

Kesho yake mama aliwaacha wadogo zangu kwa bibi, tukateremka Same kwa mjomba, aliyekuwa kibarua wa reli. Baba hakutufuata. Alimtuma dada yake, naye shangazi alisimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Kaka anauliza umemaliza hasira?"

"Mwambie bado," mama akajibu.

Mama alirudi nami mvua zilipoanza, kwa ajili ya wadogo zangu tu. Aliendelea kumpikia baba, akiweka chakula mezani na kutoka nje.

Mwaka uliofuata wazee walitangaza kanisani kuwa Jumapili ya akina mama imefutwa kwa sababu imewatia wanawake kiburi. Ya akina baba ilibaki. Ilipofika, mama alifunga mlango wa jiko, akachukua jembe akaenda kulima, na hakuna aliyethubutu kumwita.