Udongo Katika Koti la Kuazima

Nilikwenda hadi Antaktika, mwisho wa dunia upande wa kusini, na sikuacha huko hata uzi. Hilo ndilo nililojivunia. Uharibifu wangu niliufanya nyumbani kwangu Irving, kando ya Dallas, kabla hata sijapanda ndege, katika mfuko wa koti la rafiki yangu. Mle mfukoni mlikuwa na udongo wa kaburi la mama yake. Nikaufyonza kwa mashine, nikidhani ni uchafu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa usafi, na si usafi wa kawaida. Ni muuguzi. Kwangu viatu vinaishia mlangoni, na mgeni atakayeweka mkoba wake kitandani tutagombana. Wenzangu kanisani wananiita mkaguzi, wala sikasiriki. Afadhali kuitwa mkaguzi kuliko kuishi na mende.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Nilikuwa nikimuuguza bibi mmoja Mmarekani, mjane, aliyebakiwa na hamu moja tu: kuwaona pengwini huko kwao. Wanawe wakakubali, mradi muuguzi aende naye. Basi nikawa wa kwenda kwenye barafu, mimi ninayevaa soksi mbili Dallas ikipiga baridi kidogo.

Koti zito sikuwa nalo, na kununua la kuvaa siku chache niliona ni upuuzi. Nikamkumbuka rafiki yangu wa Sharpstown, Houston. Yeye ni Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Tulifahamiana tukifua mashuka katika hoteli moja, kabla sijasomea uuguzi. Mimi na Kiswahili changu cha Kenya, yeye na chake cha kambini, tulichekana matamshi mpaka tukawa ndugu. Alipoletwa Marekani aliwekwa kwanza kaskazini, kwenye theluji, akapewa koti la buluu. Alipohamia Texas halikuwa na kazi tena, lakini hakukubali kuligawa.

Nilipolifuata nikamtania: "Nguo ya kuazima haisitiri makalio."

"Hii itakusitiri, dada," alisema. "Ilinipokea mimi nikiwa sina mtu." Akalipapasa kifuani, upande wa mfuko wa ndani, kisha akanikabidhi. Nilimwona akipapasa. Sikuuliza, nilikuwa nawahi barabara kabla ya foleni.

Baadaye tukatumiwa maagizo. Huko tuendako, yalisema, mbegu moja ya nyasi iliyonasa kwenye soksi inaweza kuota mahali ambapo haijawahi kuota, ikaharibu kila kitu. Kwa hiyo kila nguo ikung'utwe, kila mfuko ufyonzwe vumbi, kila buti lisuguliwe. Usiokote jiwe. Usiwakaribie ndege. Usikae chini. Wengine yaliwachosha. Mimi niliyasoma nikiitikia kwa kichwa, kwa furaha. Hatimaye kulikuwa na mahali duniani ambapo watu wanajisafisha kabla ya kuingia.

Nikalitandaza koti mezani. Mfuko wa ndani ulitoa vumbi jekundu, mbegu mbili tatu za nyasi, na vipande vya karatasi ya kaki kama ile ya kufungia sukari dukani. Nikaguna. Niliwaza neno ambalo mpaka leo linanitia aibu: watu wa kambini na vumbi lao. Nikapitisha mashine, nikaugeuza mfuko, nikasugua mishono kwa mswaki, nikapitisha tena.

Melini, kabla ya kushushwa barafuni, mwanamke aliyetukagua aliingiza vidole katika mifuko yangu yote, akasema anatamani abiria wote wangekuwa kama mimi. Nikatembea kifua mbele. Na sikatai, mahali pale palistahili. Pengwini walikuwa wakiteremka majini, nasi tukasimama kando tukawapisha, kama unavyompisha mwenye nyumba. Kulikuwa na kimya ambacho sijakisikia kwingine. Bibi yangu alilia. Nikamfuta machozi, nikakitia kitambaa katika mfuko ule ule wa ndani ili kisipeperuke.

Niliporudi nililipeleka koti kwa dobi, kisha nikaenda nalo Houston kwa rafiki yangu. Binti yake alinisalimia kwa Kiingereza, akatokomea chumbani. Tukanywa chai kwa mandazi, nikamsimulia rafiki yangu yote, barafu, ndege, kile kimya, naye akasikiliza kama mtoto. Kisha akalipakata koti, na mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani. Ukakaa humo. Ukapapasa pembe zote.

"Dada, kulikuwa na karatasi humu."

Nikamweleza, bado nikijisifu, jinsi nilivyolisafisha. Nilikuwa katikati ya habari za mbegu nilipouona uso wake. Akaniambia taratibu. Siku walipoitwa kuondoka kambini alichota udongo kwenye kaburi la mama yake, akaufunga kwa karatasi. Kambi ilishafungwa, msitu umerudi, na wanaopita huko wanasema makaburi hayaonekani. Hakuwa na mahali pengine pa kumtafuta.

"Sasa kwa nini hukuutoa kabla ya kunipa?" Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kama kwamba mkosaji ni yeye.

"Ulikuwa unakwenda mbali, huna mtu wako. Nilitaka mama akusindikize."

Kisha akauliza, na uso ulikuwa umepata tumaini: "Au ulimwagika huko kwenye barafu? Kule kwenye kimya?"

Ningeweza kuitikia. Neno moja tu, naye angelala akijua mama yake yuko mahali safi kuliko pote. Badala yake nikasikia kinywa changu kikitoa maagizo: huko ni marufuku, hata punje, ndiyo maana kazi yote niliimaliza Irving.

"Basi yupo Irving," alisema. Akanimiminia chai nyingine. "Uta-drive pole pole, njia ni ndefu."

Njia nzima nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilipofika sikuvua viatu. Nilipita navyo juu ya zulia hadi kabatini, nikaitoa ile mashine, nikakifungua chombo chake cha vumbi. Kilikuwa kinang'aa. Nilikuwa nimekiosha kwa sabuni, nikakianika.