Mlingoti wa Mutuku Uliogeuzwa Msalaba

Siku ya mazishi ya kaka yangu Mutuku, Mzee Kituku alisimama mbele ya watu akasema marehemu alikuwa kondoo mtulivu wa zizi lake. Nilikuwa nimekaa karibu na mama. Niliuma pindo la leso ili nisipige kelele. Kondoo mtulivu! Mwaka mzima kabla ya hapo, mzee huyo huyo alikuwa akizunguka Voi akisema kondoo huyo ameanzisha dini yake nyuma ya nyumba. Kwa hivyo maisha ya Mutuku nayaandika mimi, Ndanu, dada yake wa kumfuata.

Mutuku alichomelea mageti. Ukipita mtaa wa Sofia, mageti mengi yenye ua la alizeti katikati ni kazi ya mkono wake. Lakini ujana wake aliutumia Kilifi, kwenye yadi ya kutengeneza mashua za starehe, na huko ndiko alikoambukizwa ugonjwa wa kupenda mashua za tanga. Aliporudi nyumbani alivuta mashua juu ya trela, ndogo, nyeupe, yenye ufa ubavuni. Watu walikuja kuitazama kama wanavyokwenda kutazama ndovu aliyegongwa na treni.

"Nuhu," wakamwita, "mvua inaanza lini?"

"Ikianza mtaniomba nafasi," akajibu, "na wanyama wataingia kwanza."

Nia yake ilikuwa moja, wala hakuificha. Alitaka kuipeleka Ziwa Jipe, kule upande wa Taveta, ambako alasiri upepo hushuka kutoka milima ya Upare, aone tanga lake limejaa. Lakini mashua haipiti barabarani na mlingoti wima. Ingezoa nyaya za stima kutoka hapa hadi Mwatate. Lazima mlingoti ulazwe, ukifika ziwani usimamishwe. Na Mutuku aliwahi kuona, kule Kilifi, mlingoti ukimwangukia mwenzake na kumvunja bega kwa sababu mtu alifungua waya usiofaa kwanza. Ndiyo maana kila Jumamosi, akifunga karakana mapema, tulifanya mazoezi uani.

Mlingoti ulianza ukiwa umelala kuelekea nyuma ya mashua, mguu wake umeshikwa na bawaba aliyoichomelea mwenyewe. Nyaya mbili za ubavuni zilibaki zimefungwa ili usiyumbe. Yeye aliingia chini yake, akauinua kwa bega huku akitembea kuelekea mguuni, na mimi, nikiwa mbele ya mashua, nikavuta kamba. Ukisimama sawasawa, alikuja kutia pini ya waya wa mbele, ndipo nikaruhusiwa kupumua. Kuushusha ni kinyume chake. Kamba ishike uzito kwanza, ndipo pini itoke, ndipo uachie kidogo kidogo. Alikuwa na usemi wake: "Ndanu, usiachilie kamba hata malaika akikusalimia."

Kwenye sehemu ya juu ya mlingoti kulikuwa na chuma kilichokingama, kazi yake kutanua zile nyaya za ubavuni. Chuma hicho ndicho kilichotuponza. Kutoka barabarani, juu ya ua wetu wa mabati, hukuiona mashua. Uliona mti mrefu wenye mikono miwili ukipanda polepole kila Jumamosi, na jua likienda kuzama, ukishuka. Nyuma ya mabati sauti zinasema, "Inua! Polepole! Shika hapo hapo!" Mtu mwenye akili angechungulia. Wakubwa wa kanisa letu hawakuchungulia. Waliita kikao.

Kisha wakatutembelea, Mzee Kituku na Dada Tryphena, kiongozi wa akina mama. Walikunywa chai, wakamaliza mahamri, ndipo wakakumbuka kilichowaleta.

"Ndugu Mutuku," Mzee akaanza, "tumesikia unasimamisha msalaba."

"Mlingoti, Mzee."

"Tena Jumamosi. Umekuwa Msabato?"

"Jumapili niko kanisani, Mzee. Hukaa nyuma yako. Ni mimi hukugusa bega ukianza kukoroma."

Dada Tryphena akaweka kikombe chini. "Na mbona jioni unaushusha? Unaficha nini?"

"Naogopa upepo wa usiku usiuangushe. Dada, mashua iko hapo nyuma. Twende uone."

Kutoka kwenye kochi hadi uani ni kupita jikoni tu. Hawakwenda. Mzee Kituku alisema si vizuri mtu kuingia mahali pa ibada ngeni bila mchungaji. Hivyo ndivyo kaka yangu alivyotengwa, kwa ushahidi wa watu walioshindwa kupita jikoni. Hakuhama kanisa. Alikaa kiti chake kile kile, na siku ya Meza ya Bwana sahani ilimpita kama treni ya mizigo inavyopita stesheni isiyo yake.

Mama yetu Syokau alilia. "Mwanangu, ulaze huo mti kabisa, tuishi na watu."

"Mwaitu," Mutuku akamwambia, kwa neno letu la Kikamba la kumheshimu mama, "nikiulaza kwa sababu yao, nitakuwa nimekubali kwamba ulikuwa msalaba. Nataka waseme ni mlingoti. Basi."

Hawakusema. Jumamosi moja ya Agosti tuliusimamisha kama kawaida. Akatia pini, kisha akaketi juu ya trela ameshika kifua. Jioni hiyo mlingoti haukushushwa. Tulikuwa hospitalini, na hakurudi tena nyumbani akiwa hai. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hilo nalipokea nikiwa nimepiga magoti. Yaliyofuata hayakutoka kwa Bwana.

Mzee Kituku alileta sharti. Kanisa litamzika Mutuku, ila jeneza haliingii uani msalaba ukiwa juu. Mama akanitazama. Alitaka mwanawe azikwe kwa wimbo, na nani angemlaumu? Lakini mimi nilisikia maneno ya kaka: kuulaza kwa sababu yao ni kukubali.

Nikiwa bado nawaza, Mzee alikuwa ameshawatuma vijana wake na spana. Wakaanza na waya gani? Wa ubavuni! Dakika nyingine mlingoti ungeangukia sufuria za wali na akina mama waliokuwa wakipika.

"Toeni mikono hapo!" nikasema. Nikafunga kamba mbele, nikaizungusha kwenye nguzo ya trela ishike uzito. Kisha nikageuka, waombolezaji wote wakinisikia. "Mwenyewe huushusha kila jioni. Mara hii hakuwahi. Namalizia kazi yake. Si agizo la mtu."

Nikatoa pini, nikauachia kidogo kidogo mpaka ukalala.

"Amina," akasema Mzee Kituku, kifua mbele, kama aliyefukuza pepo.

Mwezi ulikuwa haujaisha aliporudi, Jumamosi alasiri, kofia mkononi.

"Dada Ndanu, pole tena. Kanisa limepata spika kubwa ya kuwekwa nje. Inataka nguzo ndefu, nyepesi, isiyoshika kutu."

"Nguzo gani, Mzee?"

"Ile ya marehemu."

"Ule msalaba?"

Akakohoa, akatazama ndala zangu. "Ah, dada. Tuseme mlingoti."

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Mikono yake ikasimama. Mwaka mzima mwanawe alilisubiri neno hilo, na limekuja kwa ajili ya spika.

Sikukusudia kumpa. Mashua itakwenda Jipe Desemba, Mungu akipenda, na mlingoti wake juu yake. Lakini nilimwambia, "Njoo basi uuone ukiwa wima. Shika kamba hii." Nikaingia chini, nikauinua kwa bega kama nilivyomwona Mutuku akifanya.

"Vuta, Mzee!"

"Inua!" naye akaanza kupiga kelele, jasho likimtoka. "Polepole! Shika hapo hapo!"

Mlingoti ukapanda juu ya mabati, mikono yake miwili imetanda. Barabarani nyayo zikasimama.

"Hiyo si sauti ya Mzee Kituku?" Alikuwa Dada Tryphena. "Mzee! Hata wewe?"

"Ni mlingoti, dada! Mlingoti! Ingia uone mwenyewe!"

"Siingii mahali kama hapo! Nakwenda kwa mchungaji!" Tukasikia viatu vyake vikiondoka mbio.

Mzee akanitazama kwa macho ya kuomba, tayari kumkimbilia. Pini ilikuwa bado haijaingia, na mlingoti wote ulikuwa juu ya bega langu.

"Mzee," nikamwambia, "usiachilie kamba hata malaika akikusalimia."